Tepu Nyeusi ya Chumba Namba Tisa

Hebu niambie wewe: umewahi kufunga mlango kwa mkono wako mwenyewe, ukatia ufunguo mfukoni, kesho yake ukafungua na kukuta vitu vyako havijaibwa wala kuvunjwa, ila vimepangwa upya, na aliyevipanga anajua kupanga kuliko wewe?

Usijibu haraka. Vilja alijibu haraka. Alisema ni mpiga ngoma anamtania.

Vilja Hakkarainen ni jirani yangu hapa Tampere, mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu. Haya karibu yote nimeyapata kwake, mezani pake, kahawa ikipoa bila mtu kuigusa. Ana shahada ya uzamili, kurasa mia na kumi juu ya udongo wa kinamasi. Profesa alimshika mkono akamwambia hongera, nchi inakuhitaji. Nchi ikaenda kulala. Miaka miwili na nusu anaandika maombi ya kazi, manne kila mwezi, maana ndiyo sharti la posho ya wasio na kazi. Aliomba hadi kazi ya kupanga matango dukani. Wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba elimu yake imezidi. Yaani elimu siku hizi ni kama upele: wakiuona tu, hawakupi mkono.

Kitu kimoja tu alichokuwa nacho ambacho hakikudai barua ya maombi kilikuwa gitaa la umeme.

Basi Jumapili moja ya Novemba simu ikalia. Ni Saimi Kortelahti, mwimbaji, yule ambaye mabango yake yamejaa vituo vya tramu.

"Wewe ndiye Vilja? Nilikusikia kwenye harusi ya binamu yangu. Mpiga gitaa wangu kavunjika kiwiko, mjinga yule, katoka na kandambili kwenye barafu. Nina safari ya wiki tatu, Ujerumani na Denmark. Ni kazi ya mshahara, si ya kupigiwa makofi ukarudi nyumbani na njaa. Ijumaa saa nane mchana nakuja huko mnakofanyia mazoezi nikusikilize. Ukinipendeza, Jumapili tunapanda meli."

"Na nisipokupendeza?"

"Utabaki na digrii yako, dada."

Walicheka wote wawili. Simu ilipokatika Vilja alikaa sakafuni pale pale, viatu vya theluji miguuni, kitu ambacho kwetu hakifanyiki ndani ya nyumba. Miaka miwili na nusu, na huyu ndiye mtu wa kwanza kumpa siku na saa.

Kulikuwa na tatizo moja. Nyimbo za Saimi huanza kama mtu anapumulia kioo na huisha kama paa linang'olewa. Gitaa tupu haliyawezi hayo. Unahitaji pedali, vile visanduku vya chuma vya kukanyaga kwa mguu, kila kimoja na tabia yake. Vilja alikuwa nazo tano, za kuokoteza mwaka hata mwaka: ya kutyuni, ya mkwaruzo, ya wimbi, ya mwangwi, na ile anayoiita ukumbi, inayofanya chumba cha hatua sita kisikike kama kanisa lisilo na waumini. Lakini zilikuwa zinatambaa sakafuni kama kaa. Ukikanyaga hii, ile inachomoa waya. Zilihitaji ubao mmoja wa kuzishika.

Jumatatu saa nne asubuhi akashuka kwenye chumba cha mazoezi. Ni jengo lililokuwa kiwanda cha viatu. Chini yake kuna vyumba arobaini visivyo na dirisha, na kampuni yenye jengo inavikodisha kwa bendi kwa zamu. Jioni ni ya wenye kazi. Asubuhi ni ya watu wa aina yetu. Cha Vilja na mpiga ngoma wake kilikuwa namba tisa, na kila chumba huja na vyombo vyake vya kampuni: amplifaya moja nzee, spika za kuimbia, kipaza sauti kwenye stendi yake.

Koridoni akakutana na mzee Ensio, msimamizi wa jengo, ovaroli ya buluu, na mfukoni roli ya tepu nyeusi ya mafundi umeme. Hakuna aliyewahi kumwona bila roli ile.

"Mzee, una kipande cha ubao huko stoo? Kama urefu wa mkono."

Ensio akafungua stoo, akatoa ubao uliokwisha kutengenezwa, wa mti wa betula, umeinamishwa mbele kidogo ili mguu ufike vizuri, pembe zimepigwa msasa mpaka zikawa laini kama sabuni iliyotumika.

"Huu wa nani?"

"Ulikuwa wa mtu."

"Na yeye?"

"Hauhitaji tena. Chukua, msomi, kabla sijabadili mawazo."

Juu ya ubao kulikuwa na madoa matano ya gundi kuukuu, mahali pedali za mtu zilipowahi kukaa. Chini yake kuna jina limechongwa kwa ncha ya kisu. Ilmo.

Vilja alipanga kwa utaratibu ambao kila mpiga gitaa hujifunza mwanzoni. Ya kutyuni kwanza, kisha mkwaruzo, kisha wimbi, kisha mwangwi, ukumbi mwishoni kabisa, maana unatengeneza sauti kwanza ndipo unaitia kanisani, huwezi kuanzia kanisani. Akazibandika kwa utepe wa kunata, akakata nyaya fupifupi, akaupiga ubao picha, kama wanavyofanya wote ili siku ukibomoa usisahau. Kisha akawasha amplifaya.

Ikavuma.

Mvumo mzito, wa chini, kama friji imeingia kifuani. Akabadilisha waya. Ikavuma. Akachomoa pedali zote. Ikavuma. Ensio akachungulia mlangoni bila hata kuitwa.

"Ni ethi ya jengo hili, mbovu tangu enzi za viatu," akasema. "Kumwita fundi, kampuni haitaki. Sisi tuna dawa yetu." Akachomoa plagi ya amplifaya, akachana kipande cha tepu, akaviziba vibamba viwili vya shaba vilivyo ubavuni mwa plagi, ndiyo njia ya ethi. Akachomeka tena.

Kimya.

"Vyumba vyote tumefanya hivyo," akasema, akaenda zake.

Vilja anajua kazi ya waya wa ethi. Hata mtoto wa darasa la tano anajua. Umeme ukivuja, unapita huko uende ardhini. Ukiuzibia njia, unatafuta njia nyingine. Lakini Ijumaa ilikuwa siku nne tu mbele yake, na kimya kilikuwa kitamu. Aligusa nyuzi kwa mkono mmoja na bomba la maji ya moto kwa mwingine, kitu kikamuuma kidoleni, kidogo tu, kama siafu. Akapuuza.

Katika kile kimya, pedali ya mwangwi ilikuwa inapumua. Hakuwa amepiga noti yoyote.

Jumanne alifungua mlango akakuta ubao umepangwa upya.

Hakuna kilichopungua. Lakini ukumbi ulikuwa mbele kabisa, kisha mkwaruzo, kisha ya kutyuni katikati, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu haiweki. Nyaya alizokata yeye zilitosha barabara, kana kwamba zilikatwa kwa mpangilio ule. Na kila pedali ilikaa juu ya doa lake la gundi kuukuu. Zote tano. Hakuna hata moja iliyozidi ukingo.

Akampigia Torsti, mpiga ngoma wanayechangia naye chumba.

"Wewe, shetani, perkele, umegusa ubao wangu?"

"Ubao gani? Niko Oulu tangu Jumamosi, nafunga jikoni za watu. Tena shikamoo kwanza, msomi."

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Shingoni kwangu, pamoja na msumari na karaha. Kwani kuna nini?"

"Mtu kapanga pedali zangu."

"Kapanga vibaya?"

Vilja alikuwa amekwisha kupiga. Kanisani kwanza, halafu mkwaruzo: sauti ilitoka kubwa, yenye kidonda, kama ukuta unaolia. Ndiyo sauti hasa ya mwisho wa nyimbo za Saimi. Yeye asingeipata kwa mwaka mzima.

"La," akasema. "Kapanga vizuri."

Akauacha vile vile. Angefanyaje? Mtu mwenye njaa haulizi mpishi ni nani.

Alipiga mpaka saa saba. Alipoinua mikono kwenye nyuzi, mwangwi ulirudisha alichopiga, mara moja, mara mbili, ukififia. Kisha ukarudisha kitu ambacho hakupiga. Sauti ya mwanamume, kavu, ya kikazi, ya mtu anayejaribu kipaza sauti kabla ya mazoezi kuanza.

*Moja, mbi—*

Ikakatika.

*Moja, mbi—*

Haikufika mwisho wa mbili. Hata mara moja haikufika.

Jumatano alikuwa na miadi kwenye ofisi ya ajira, kueleza tena kwa nini hana kazi. Alhamisi akarudi. Safari hii pedali zilikuwa zimeng'olewa zote, zimelala chali sakafuni, vitumbo juu, na waya wa umeme wa ubao umeviringishwa vizuri pembeni, kama anavyouviringisha mtu aliyemaliza kazi kabisa. Plagi ya amplifaya ilikuwa imechomolewa ukutani. Tepu haikuwapo.

Akaitafuta. Akainua macho.

Ilikuwa kwenye kipaza sauti. Imezungushwa mdomoni mwake, imebana, kama unavyomziba mtu kinywa.

Alimkuta Ensio ngazini akila mkate wa iliki.

"Mzee. Ilmo ni nani?"

Ensio alitafuna muda mrefu kuliko mkate ulivyohitaji.

"Alihama."

"Akaacha ubao aliouchonga kwa mkono wake?"

"Watu huacha vitu." Kisha akashusha sauti, akatazama juu kwenye ngazi, kulikokuwa hakuna mtu. "Binti yangu, nina miaka miwili tu nistaafu. Usiniulize tena."

Unafikiri alikimbia? Mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akanitazama kama mjinga. "Nikimbilie wapi, jirani? Kwenye yale maombi manne?" Akaupanga ubao upya, kwa mpangilio wa Ilmo. Akafunga mlango kwa ufunguo. Akajaribu kitasa mara tatu.

Ijumaa mlango haukufunguka.

Ufunguo ulizunguka sawasawa. Kitasa kilishuka. Lakini nyuma ya mlango kulikuwa na kitu. Saimi Kortelahti alikuwa amesimama kando yake, koti la manyoya ya bandia, theluji ikiyeyuka begani, akitafuna pipi ya chumvi.

"Ndio ukarimu wa Tampere huu?"

"Unakwama tu. Baridi."

Wakasukuma kwa mabega, wote wawili, wakicheka. Ukafunguka kidogo kidogo, ukikwaruza sakafu. Ubao ulikuwa umesimamishwa nyuma yake, na pedali tano zimepangwa mstari, zimebana kati ya ubao na mguu wa amplifaya, kama kabari.

Chumba hakina dirisha. Hakina mlango mwingine. Aliyezuia, alizuia akiwa ndani.

"Hii ndiyo sanaa ya kisasa?" Saimi akauliza.

"Zilianguka," Vilja akasema.

Alizipanga haraka. Akachomeka amplifaya. Mvumo ukajaa chumbani.

"Huo mlio ni wa nini?" Saimi akakunja uso. "Sikiliza, dada, nina kichwa kibovu leo. Kama ni hivi, mimi naondoka, tutaonana siku nyingine."

Siku nyingine. Watu wenye kazi wana siku nyingine.

Tepu ilikuwa bado pale mdomoni mwa kipaza sauti, alivyoiacha jana kwa kuogopa kuigusa. Akaenda akaibandua. Ilikuwa na joto. Akachuchumaa, akachomoa plagi, akaibandika juu ya vile vibamba viwili vya shaba, akaikandamiza kwa kidole gumba. Akachomeka.

Kimya.

Alijua. Nataka ulisikie hili kama nilivyolisikia mimi. "Nilijua, jirani," aliniambia. "Si kwamba sikuelewa. Nilielewa, nikachagua kazi."

Akapiga. Alipiga wimbo wa kwanza na wa pili, na kwenye wa tatu, pale paa linapong'oka, alikanyaga ukumbi na mkwaruzo kwa pamoja, na ukuta ukalia. Saimi alisimama, mkono kifuani. Noti ya mwisho ilipoisha alikuwa na machozi, akayafuta kwa hasira.

"Mshenzi wewe," akasema. "Ulikuwa umejificha wapi?"

"Ofisi ya ajira."

"Basi waambie wakufute. Umepata kazi."

Weka saa hapo. Saa tisa kasorobo mchana. Vilja Hakkarainen ana kazi.

"Ila pale mwisho unaniharakisha," Saimi akasema. "Nipe hilo gitaa nikuonyeshe."

Vilja alikuwa bado anatabasamu. Anasema tabasamu lile bado analihisi usoni, kama tope lililokauka. Alivua mkanda wa gitaa, akampa. Saimi akaweka mkono wa kushoto kwenye nyuzi. Akasogelea kipaza sauti. Akakishika kwa mkono wa kulia, akavuta karibu na midomo.

Ndipo Vilja alipoona. Pedali ya mwangwi ilikuwa imewaka. Hakuna aliyeikanyaga.

"Saimi, usi..."

"Moja, mbi—"

Hakupiga kelele. Watu hudhani kuna kelele. Aliganda wima, mikono yote miwili imeng'ang'ania, macho wazi, yanamtazama Vilja kwa mshangao mdogo tu, kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Vilja akaruka, akapiga plagi teke. Ikatoka ukutani. Saimi akaanguka juu ya ubao.

Umeme umekatika. Taa ya amplifaya imezima. Taa za pedali zimezima.

Spika ikaendelea.

*Moja, mbi—* Sauti ya Saimi.

*Moja, mbi—*

Kisha ya mwanamume. Taratibu. Bila furaha.

*Tatu. Nne.*

Ndivyo bendi huhesabu kabla ya kuanza wimbo.

Ensio aliingia. Sikiliza alivyoingia. Hakuuliza kuna nini. Hakumtazama aliyelala. Alienda moja kwa moja kwenye plagi iliyolala sakafuni, akapiga magoti, akaibandua tepu kwa ukucha, akaitia mfukoni. Mikono yake ilijua njia. Ilikuwa imewahi kuipita.

"Piga simu ya dharura," akanong'ona. "Na hukuniona."

Saimi alifariki ndani ya gari la wagonjwa. Gazeti liliandika ajali. Ripoti ikasema mwanamuziki asiye na ajira alitumia vifaa vya kujitengenezea nyumbani, yaani ule ubao. Amplifaya ya kampuni ilikwisha kutupwa walipokwenda kuikagua. Tepu? Tepu ipi? Vilja aliwaambia mara kumi na moja. Mpelelezi, kijana mpole, alimsogezea glasi ya maji. Kampuni ikampelekea barua ya kumfukuza chumbani, wakamtakia kila la heri katika maisha yake.

Wiki tatu zikapita, muda ule ule ambao safari ingechukua.

Jumatatu asubuhi bendi ya chumba namba mbili iliteremka ikakuta plagi zote zimechomolewa ukutani. Namba tatu vivyo hivyo. Namba kumi na saba. Vyumba vyote arobaini, milango imefungwa kwa ufunguo, kila plagi imelala sakafuni, waya wake umeviringishwa vizuri, kazi ya mtu aliyemaliza. Na vibamba vya shaba ving'avu, vitupu. Hapakuwa na hata kipande cha tepu jengo zima.

Tepu zilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye mlango wa kioo wa ofisi ya kampuni. Vipande sitini na tatu. Vimebandikwa safu kwa safu, vimenyooka, vitano vitano, katika nafasi zile zile za pedali juu ya ubao wa Ilmo. Vitatu vya mwisho viko peke yao chini. Kimoja kati ya hivyo kina alama ya kidole gumba. Vilja alisimama kwenye theluji ya tope, akaweka kidole chake juu yake. Kikaenea.

Kile kipande Ensio alikichoma. Ameapa kwa Vilja ngazini, akilia kama mtoto, kwamba alikitia kwenye jiko la kuni la sauna yake siku ile ile, akasimama akakitazama mpaka kikawa majivu.

Karani wa mapokezi wa kampuni alivibandua vyote kwa kisu cha siagi. Nilimwona kwa macho yangu. Jumanne vilikuwa pale tena.

Basi nyinyi wenye jengo, ambao majina yenu yako kwenye bamba la shaba juu ya kioo kile kile, sitaki rambirambi zenu wala barua zenu za kila la heri. Leteni fundi wa umeme vyumba vyote arobaini, leo, si baada ya mkutano wenu. Fungueni daftari la chumba namba tisa. Someni hadharani jina lote la Ilmo, siku aliyokufa, na nani aliamuru ubao wake utiwe stoo. Kisha mtuambie kuhusu vile vipande viwili vingine vilivyoko chini kabisa, kando ya kile cha Vilja. Kimoja kina alama ya kidole cha Ensio, na sote sasa tunajua ni cha siku ya Ilmo. Cha pili ni kidogo mno, na kidole kilichoacha alama juu yake ni cha mtoto.

Ni mtoto wa nani?